Konde la Kweli

Tangu asubuhi Makabe Shunji hakujua pa kuuweka mwili wake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainuka, akafunga bandeji mikononi, akaifungua, akaifunga upya. Kile kiwanda cha kuyeyushia chuma, kilichoachwa kando ya mto Kizu, kilikuwa na joto la Agosti la Osaka, lile linalomfanya mtu amnunie hata anayempenda, na vijana wa filamu walikuwa wamelizidisha kwa taa kumi na mbili. Kuta zote walikuwa wamezipaka rangi nyekundu. Nyuma ya ulingo mashine ya kuchomelea ilitema cheche, na taa ziliwaka na kuzimika haraka haraka hata binti wa mavazi akatapika mara mbili. Mwongozaji, Orihara, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mbavu za kuhesabika, alifurahi sana aliposikia.

"Akitapika yeye, watazamaji nao watatapika," alisema. "Nataka filamu ya kuwauma watu macho."

Macho! Makabe alimtazama kwa jicho moja alilobaki nalo, akaendelea kufunga bandeji.

Miaka minne nyuma utando wa ndani wa jicho lake la kushoto ulibanduka kwa makonde, na kamati ya ngumi ikamnyang'anya leseni. Daktari hakumficha: jicho la kulia nalo lilikuwa dhaifu, na konde moja zito lingemwacha akipapasa kuta maisha yake yote. Sawako, mkewe, alikuwepo akisikia. Ndiyo maana Makabe alipokubali kuigiza bondia kichaa anayepigana na kila kitu mpaka kivuli chake, ilibidi apige magoti sebuleni kwake mwenyewe na kumwapia mkewe kwamba hataguswa.

Na kwa nini alikubali? Mwili ulikuwa ukimwasha, basi. Miaka minne ya kupakia makreti ya bia na kulirushia ngumi pazia la jikoni, huku watu wakimsalimu kwa ile sauti ya msibani. Afadhali wangemtukana.

Mpinzani wake kwenye filamu alikuwa Nagumo Keigo, miaka ishirini na mmoja, bondia wa kweli mwenye leseni mfukoni. Oktoba angegombea mkanda wa taifa. Mwenyekiti wa klabu yake alimruhusu kuigiza kwa sharti kwamba hakuna kupigana kweli. Dogo alikuwa na mdomo kama redio.

"Kaka Makabe, leo umevaa kaptura ya babu yako?"

"Ya baba yako. Aliisahau kwangu."

"Ebo! Na leo nitakulaza kwa heshima, kaka, nikufunike na shuka."

"Lala wewe kwanza, nikuimbie."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Orihara aliamuru mkanda uzunguke polepole ndani ya kamera, na wao wakarusha makonde kivivu, kama watu walio ndani ya maji. Kwenye skrini yangeonekana ya haraka, radi tupu. Mara nne walirudia hivyo, na mara nne Orihara akakunja uso, akatafuna kucha, akazunguka ulingo huku akijisemea. Kisha akamwita Nagumo pembeni, akamnong'oneza kwa muda mrefu mkono ukiwa begani. Makabe aliona dogo akitikisa kichwa kukataa, halafu akicheka, halafu akiitikia. Makabe akajikemea kwa kuogopa bure.

Mara ya tano kengele ilipolia, alisikia mvumo wa kamera ukipanda, mwembamba na mkali. Alijua maana yake. Mkanda ukizunguka kwa kasi vile ndani ya kamera, picha hutoka polepole kwenye skrini, na konde la uongo huumbuka. Yule mshenzi alikuwa anataka makonde ya kweli, na alikuwa amemwambia kila mtu isipokuwa yeye.

Konde la kwanza lilimpata shavuni. La pili akalikwepa kwa kulisikia tu, maana lilitokea upande wa giza. La tatu lilipita juu ya nyusi ya jicho la kulia na taa zote zikageuka manjano jichoni mwake. Hapo Makabe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika mapambano thelathini na moja. Akamrukia Nagumo, akamkumbatia, akamkandamizia kidevu begani.

"Keigo. Jicho la kulia ndilo pekee. Ukinipiga hapo sitaona tena. Nakuomba."

Alimwomba. Yeye, Makabe Shunji, alimwomba mtoto wa juzi. Nagumo aliganda. Alijinasua taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akashusha mikono yote miwili. Usoni mwake palijaa huruma.

Mkono wa kulia wa Makabe ulikwenda. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameufundisha jambo moja, kwamba mpinzani akishusha mikono unampiga, na labda ni hilo tu. Labda pia ilikuwa hasira ya kuhurumiwa. Yeye mwenyewe alijiuliza sana baadaye, na hakupata jibu. Konde lilitua sawasawa kwenye jicho la kushoto la Nagumo, na dogo akaanguka kama gunia.

"Hiyo! Hiyo hiyo!" Orihara alikuwa akimpigia kelele mpiga picha huku akilia kwa furaha. "Usizime! Kaa kwenye uso!"

Nagumo aliinuka baada ya muda, akatema damu, akacheka.

"Kaka, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Eti nakuomba!"

Watu wakapiga makofi. Picha ile ndiyo iliyoipa filamu jina. Mpaka leo wapo wanaopanga foleni kwenye vijisinema vya mitaani ili waione tu, uso ule ukipasuka polepole katikati ya cheche. Wanasema hakuna mwigizaji duniani anayeweza kuigiza vile. Wanasema kweli.

Mchana, wakati wengine wakila maboksi ya wali chini ya feni, Makabe alitoka kwenda bombani kumwomba dogo radhi. Alimkuta ameinama, akipunga mkono mbele ya uso wake.

"Mbu wa hapa hawana adabu," Nagumo alisema. "Weusi, wengi ajabu."

Makabe alitazama. Hapakuwa na mbu hata mmoja. Akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Funga jicho la kulia. Unaona nini?"

"Nakuona wewe."

"Mwili mzima?"

"Pembeni kuna kama pazia. Litaondoka tu, kaka. Nikilala litaondoka."

Hivyo hasa ndivyo Makabe alivyojiambia, neno kwa neno, wiki ile jicho lake lilipoanza. Naye alificha, kama mabondia wote wa mji ule, kwa sababu jicho likijulikana leseni inakwenda. Alikariri ubao wa herufi wa daktari wa klabu, akapita vipimo viwili akiwa kipofu nusu, akajiona mjanja. Miezi minane ya ujanja. Daktari wa hospitali alipolifikia jicho, halikuwa tena na la kufanyiwa.

"Likishikwa leo wanalishona," Makabe alisema. "Jicho linapona. Twende."

"Na Oktoba?"

Makabe alimshika bega, akamgeuza kuelekea barabarani.

"Basi siendi." Nagumo alimshika mkono kwa nguvu. Mdomo wa redio ulikuwa unatetemeka. "Kaka, usimwambie mwenyekiti. Nakuomba. Nakuomba, unasikia? Mimi nilikusikiliza uliponiomba!"

Makabe alivuka barabara mpaka kwenye simu ya duka la tumbaku, na Nagumo akamfuata akimvuta shati mpaka likachanika. Alipiga namba ya klabu. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kula.

"Nagumo ameumia jicho. Ni utando. Nampeleka hospitali sasa hivi, njoo."

"Unasema nini? Nani kampiga?"

"Mimi."

"Alikuwa anajikinga vipi, yule?"

"Hakujikinga. Alikuwa ananihurumia."

Alikata simu. Nagumo alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, na alipoinua uso, chuki iliyokuwa humo ilimchoma Makabe kuliko konde lolote.

"Umenimaliza, Makabe," alisema. Hakumwita kaka tena.

"Ndiyo."

Akamwinua, akamshika kifundo cha mkono, akamweka upande wake wa kulia, ili amwone akijaribu kukimbia.