Digrii Tano Zilizogoma Makongeni

Musau, fundi wa majiko wa Shauri Moyo, alikuwa na mdomo mkubwa kuliko nyundo yake, na Jumamosi ile ya mwaka 1993 mdomo ndio uliomponza. Alikwenda Makongeni kujitambulisha kwa baba wa mpenzi wake Wavinya, kabeba jiko jipya, akajisifu kwamba kwa mkebe mmoja wa makaa lingefikisha maji digrii mia.

"Mia?" akauliza Mzee Nyamai, dereva mstaafu wa gari moshi. Akachomoa themomita kutoka kwenye soksi kuukuu. "Miwani yangu imevunjika, utanisomea wewe. Ikifika mia, tutazungumza habari ya binti yangu."

Maji yakapanda: hamsini, themanini, tisini. Musau akatabasamu. Tisini na tano. Basi, yakagoma hapo.

Akapepea. Akaongeza mkebe wa pili, kisha wa tatu. Maji yaliruka, mvuke ukajaa ua mzima, themomita haikusogea hata kidogo.

"Hayo maji nimeyapangia foleni," akasema mama yake Wavinya. "Mnayachemsha au mnayafukuza?"

Wavinya akainama, akajifanya anaokota kijiko, akamnong'oneza Musau: "We, sema mia! Si haoni?"

Musau akaitazama tena themomita. Alimpenda msichana huyu hadi akimwaza kazini hujigonga kidole. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kujisifu ni kujisifu. Kusema uongo juu ya kazi ya mikono yake hakuweza.

"Tisini na tano, Mzee," akasema, machozi yakimlenga. "Nimeshindwa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mia ni ya Mombasa, kule chini baharini. Nairobi tuko juu, maji huchemka mapema. Ukiongeza makaa, joto lote linaondoka na mvuke, digrii hazisogei. Nimeendesha gari moshi miaka thelathini, nisijue?"

"Sasa Mzee, mbona hukuniambia?"

"Kijana mwingine, Dishon, alikuja mwezi jana kumposa Wavinya, na stovu yake ya mafuta taa. Alinisomea mia na nne. Nikamwonyesha mlango."

Mama yake Wavinya akachungulia sufuria. Maji yaliyobaki yalitosha kikombe kimoja tu cha chai.

"Mpe mkwe wetu," akasema Mzee. "Sisi tutangoja."