Changamoto Kidogo

Mashine kubwa ilisimama ghafla, mashuka arobaini ya wodi ya wanaume yakiwa tumboni mwake, na maji ya kijivu yakabaki yakicheza nyuma ya kioo cha mlango. Mama Mashuka aliiwekea mkono ubavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Hakuhitaji kufungua kitu. Miaka kumi na tisa ya kufua katika dobi la hospitali ilikuwa imemfundisha kila mlio wa lile dude, na huu ulikuwa mlio wa mkanda kukatika.

Msimamizi aliingia, daftari kwapani.

"Imepata changamoto," alisema.

"Imekatika mkanda."

"Ndiyo changamoto yenyewe hiyo."

Mpiga pasi, rafiki wa Mama Mashuka wa meza ya pili, hakuinua kichwa. "Juzi sabuni ndiyo ilikuwa na changamoto," alisema. "Jana mimi nikapata changamoto ya goti, nikaandikiwa nimechelewa."

Wakacheka wote watatu, hata msimamizi, maana hakuwa mtu mbaya. Neno hilo lilikuwa limeingia hospitalini kama chawa. Hakuna aliyejua lililetwa na nani, ila kila mtu alikuwa nalo. Bomba likipasuka, changamoto. Lifti ikigoma, changamoto. Na kwa kuwa bomba lilizibwa, lifti ikapona, na mkanda mpya ungefungwa keshokutwa, Mama Mashuka alikuwa amezoea kulisikia kama mtu anavyosikia habari za mafua: kero, lakini kero inayopita.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ghorofa mbili juu ya kichwa chake, mume wake alikuwa amelala kitanda cha saba.

Alikuwa seremala. Watu walimwita Fundi, na mkewe naye alimwita Fundi, tangu siku alipokuja nyumbani kwao kurekebisha dirisha moja akakaa siku nne kwa kazi ya saa moja. Jumapili asubuhi alikuwa ameinama kufunga viatu, pumzi ikamkatika, akabaki ameinama vilevile mpaka mkewe alipomshika mabega. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Alikuwa ameificha ndani ya suruali pana kwa muda usiojulikana.

Saa sita mchana, kwa kuwa mashine haifanyi kazi, Mama Mashuka alipanda juu. Alimkuta daktari kijana mlangoni mwa wodi, yule ambaye wahudumu walimwita Daktari Kimsingi akiwa hayupo. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha, na kalamu mbili mfukoni, zote hazina vifuniko.

"Mume wangu vipi, daktari?"

"Kimsingi moyo wake una changamoto kidogo, mama. Lakini tunaendelea na mchakato."

"Ni kubwa?"

"Ni changamoto za kawaida kwa umri wake. Tunapambana nazo."

Alimshukuru. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda cha saba. Shuka alilolalia Fundi alilijua. Lilikuwa na kiraka pembeni, alikishona mwenyewe mwaka juzi.

"Kasemaje?" aliuliza Fundi.

"Kasema una changamoto kidogo."

Fundi alicheka, na kicheko kikamgharimu. Ilibidi angoje pumzi irudi. "Mlango hauna changamoto," alisema. "Mlango umepinda, au umeoza, au bawaba imeachia. Nenda kamuulize mimi ni lipi."

"Nitamuuliza kesho. Sasa pumzika."

"Binti anajua?"

"Nampigia sasa hivi."

Binti yao wa pekee aliishi mji mwingine, safari ya saa sita. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na ruhusa ilitolewa kwa mbinde. Mama Mashuka alisimama kwenye ngazi, simu sikioni.

"Nije, mama?" binti aliuliza. "Niambie ukweli. Nikisema naumwa wananiachia leo hii."

Mama Mashuka angeweza kusema kwamba miguu imevimba kama magogo. Angeweza kusema kwamba usingizini koo la baba yake linakoroma kama bomba lenye hewa. Lakini yeye alikuwa mfua nguo, na daktari alikuwa daktari.

"Ni changamoto kidogo tu ya moyo," alisema. "Usijiharibie kazi. Njoo Jumamosi."

Kesho yake hakumuuliza daktari kitu. Alimwona akipita mbio, akaona haya kumsimamisha kwa swali lile lile.

Alhamisi, mkanda mpya ulifungwa asubuhi. Mashuka ya siku mbili yalikuwa yamerundikana hadi dirishani, yakinuka, na Mama Mashuka alikuwa ameloweka yenye damu kwenye maji baridi, kwa kuwa damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena. Saa nne hivi mlango ulifunguliwa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Wauguzi hawashuki dobini. Wakitaka kitu hupiga simu. Mpiga pasi alimtazama muuguzi, kisha akainua pasi yake, akaisimamisha wima, akazima umeme.

Mama Mashuka alitoa mikono majini. Hakujifuta. Alipanda ghorofa mbili maji yakimtiririka viwikoni.

Binti alifika jioni, amevaa sare ya kiwandani. Hakulia makaburini. Alilia siku ya tatu, jikoni, waombolezaji walipokuwa wamekwisha kutawanyika na vikombe vimejaa karai.

"Uliniambia changamoto," alisema.

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Uliniambia kidogo."

"Na hiyo kidogo niliambiwa."

Binti alisuuza kikombe kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Aliniulizia?"

Mama yake alichukua kile kikombe, akakifuta ndani, akakifuta nje, akakitafutia nafasi kabatini.

"Alikuwa amechoka," alisema.

Halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Binti aliondoka asubuhi iliyofuata. Tangu hapo simu zake zilikuja kila Jumapili na zilikuwa fupi kama salamu za barazani. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Haya, mama.

Mama Mashuka alirudi kazini wiki ya pili. Wenzake walimpokea kwa upole, wakampa mashuka mepesi ya wodi ya watoto, wakaacha mzaha alipokuwa karibu. Ulimi wake ulikuwa umepata ugonjwa mpya: hakuweza kulitamka lile neno. Msimamizi akisema kuna changamoto ya sabuni, yeye alikwenda stoo, akachungulia pipa, akarudi na kusema, "Sabuni imeisha." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehakikisha kwamba ameona mwenyewe.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne tena, alipanda na toroli kuchukua mashuka machafu ya wodi ya wanawake. Kwenye benchi la ukumbini walikaa kaka na dada, watu wazima wenye vichwa vinavyoanza mvi, chupa ya chai katikati yao na mfuko wa nguo safi miguuni. Mama yao alikuwa kitanda cha tatu. Mama Mashuka hakuwahi kuuona uso wake. Alichokijua ni mashuka yake. Tangu alfajiri yalikuwa yameshushwa mara tatu, na yale ya mwisho yalikuwa mazito kwa jasho la baridi.

Daktari kijana alikuwa amesimama mbele yao.

"Kimsingi mama ana changamoto kidogo ya mapafu," alikuwa akisema. "Lakini mchakato unaendelea."

"Wadogo zetu wako mbali," alisema kaka. "Niwaambie waje leo, au wangoje Jumamosi?"

"Mwisho wa siku, huo ni uamuzi wa familia."

Dada alitazama saa ya ukutani. "Mwisho wa siku ya leo, daktari?"

"Hapana, yaani… ni namna ya kusema tu, mama."

Kaka na dada wakatazamana. Kaka akachukua chupa, akajimiminia chai, na Mama Mashuka akaona mabega ya wote wawili yanashuka kidogo, kama mabega ya watu waliotua mzigo. Akakumbuka jinsi alivyoshuka ngazi siku ile na mwili mwepesi.

Alisukuma toroli nyuma ya daktari mpaka chumba kidogo cha kuwekea mashuka safi, akaingia naye.

"Yule mama atafika Jumamosi?"

"Mama, hizo ni habari za mgonjwa."

"Mashuka yake nimeyabeba mara tatu tangu asubuhi. Sikuulizi ugonjwa wake. Nakuuliza siku."

"Kimsingi…"

"Na mume wangu je? Ulijua?"

Daktari alitazama chini, kwenye viatu vyake. Alikuwa mdogo kuliko binti yake, Mama Mashuka aliona sasa; shingo yake ilikuwa nyembamba ndani ya kola.

"Nilijua," alisema. "Tangu Jumanne nilijua."

Wiki tatu alikuwa amelitafuta jibu hilo, na alipolipata hakujua pa kuliweka. Alichukua shuka la juu ya rafu, lililokwisha kunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

"Basi kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani nimekuambia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mgonjwa wa kwanza kunifia, nilimweleza mkewe waziwazi kabla. Akanishika koti, akaniuliza nimemfanya nini mume wake. Hakuniachia mpaka wakaja watu wawili. Tangu siku ile, nikifika mbele ya ndugu, ni neno hilo linalotoka. Nikilisema naona wanatulia. Na mimi natulia."

Mama Mashuka aliunganisha ncha za shuka. Hasira aliyoileta chumbani humo ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepoteza mahali pa kushika.

"Mimi nina binti mmoja," alisema. "Siku ile aliniuliza aje. Angefika jioni, angemkuta baba yake anaongea. Neno lako nililibeba mimi, nikampelekea kama lilivyo, sikulifungua hata kuona ndani mna nini. Kwa hiyo sikulaumu peke yako."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nitaweza. Lakini wale pale wana wadogo zao."

Alitoka kwanza yeye, akasimama na toroli lake ukutani. Daktari alichelewa. Alipotoka, alikwenda mpaka kwenye benchi, na badala ya kusimama akachuchumaa mbele yao, magoti yakalia.

"Nimewaambia vibaya," alisema. "Mama yenu anakufa. Sidhani kama atafika kesho. Waiteni wote sasa hivi."

Hakuna aliyepiga yowe. Kaka alikiweka kikombe sakafuni kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kumwaga chai lingekuwa kosa lisilosameheka.

"Anasikia?" dada aliuliza.

"Anasikia. Hawezi kujibu, lakini anasikia."

Dada akasimama, akanyoosha gauni lake, akaingia wodini bila kugeuka. Kaka alitoa simu, akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Mwishowe alimpa daktari ile simu, akamtajia namba moja baada ya nyingine, na daktari akazibonyeza, bado amechuchumaa, mpaka ikaanza kuita.

Mama Mashuka aliteremsha mashuka yake. Alitenganisha meupe na ya rangi, akapima sabuni, akafunga mlango wa mashine, na mpiga pasi alipomuuliza kwa nini macho yake yako vile, alisema, "Nimelia," akaendelea na kazi.

Saa ya kutoka ilipofika hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye kizingiti cha nyuma ya dobi, mahali panapotoka mvuke, mikono yake imekunjamana kwa maji. Akapiga simu. Ilikuwa Jumanne, si siku yao.

"Mama? Kuna nini?"

"Mimi mzima. Nina jambo la kukuambia, na halitakufurahisha."

"Sema."

"Baba yako alikuulizia." Alingoja, kisha akaona kwamba akingoja zaidi atashindwa. "Jumatano mara mbili. Aliniuliza, amefika? Nikamwambia Jumamosi. Alhamisi asubuhi, kabla sijashuka kazini, hakuuliza tena kwa mdomo. Alitazama mlango, akanitazama mimi. Nikamwambia tena Jumamosi. Akasema, Jumamosi mbali."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za nyumba: mfuniko wa sufuria, maji yakitiririka kwenye sinki. Maji yakafungwa.

"Uliniambia alikuwa amechoka," alisema binti.

"Alikuwa amechoka. Lakini alikuulizia, nami nilikuficha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwambia usije."

Mama Mashuka aliiondoa simu sikioni akaitazama, akitegemea kukuta imekatwa. Ilikuwa bado hai. Sekunde zilikuwa zikijihesabu zenyewe juu ya kioo. Akairudisha sikioni, akaikandamiza kwa mikono yote miwili. Huko mbali akasikia kiti kinavutwa juu ya sakafu, miguu yake ikikwaruza, kisha uzito wa mtu unakaa.