Joto la Fundi Yefim

Bwana mkubwa Lugovinov, mshauri wa Malkia mjini Petersburg, alikuwa akipokea wenye shida zao huku kinyozi akimnyunyizia wigi unga. Ndivyo wakubwa walivyofanya kila asubuhi. Yefim Zadorin alisimama kwenye foleni, kofia mkononi, kipimajoto kifuani. Alitaka kibali cha kuuza vipimajoto nchi nzima, yeye peke yake.

Kipimajoto kilikuwa kazi ya mkewe, Agrafena. Yeye ndiye aliyepuliza mrija wa kioo, na yeye ndiye aliyegundua namna ya kuchemsha zebaki mpaka hewa yote itoke. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu.

"Wakiuliza kazi ya nani, nitaje."

"Sasa nitamtaja nani mwingine?" Yefim alisema.

Zamu yake ilipofika, Lugovinov hakugeuza kichwa.

"Kazi ya nani hii?"

Yefim aliwatazama waliokuwa nyuma yake. Wote walikuwa wanaume.

"Mikono ni yangu, Mtukufu. Wazo ni lako."

"Langu?" Lugovinov alifikiri kidogo. "Eh, kweli. Nakumbuka niliwahi kulisema."

Zebaki ikapanda. Barafu ya madirishani ikayeyuka, ikachuruzika mpaka kwenye zulia. Watu wakavua makoti ya manyoya. Unga wa wigi ukawa uji. Kinyozi akamgusa Yefim shavuni, akaondoa mkono haraka na kupuliza vidole.

"Joto linatoka kwa huyu, Mtukufu."

"Na kuni zilivyopanda bei! Mpeni kibali. Jioni aje kwenye karamu, mumkalishe pale kwenye kona."

Majira yote ya baridi Yefim alikaa kwenye kona ya ukumbi wa Lugovinov, na jiko la kuni lililopasha ukumbi joto likaondolewa. Wageni walimpa migongo wakaota moto, wakizungumza Kifaransa. Joto likipungua, mtumishi alikuja kumwinamia.

"Fundi, kile kipimajoto kazi ya nani?"

"Yangu."

Ukumbi ukapata joto tena.

Nyumbani, Agrafena hakuwahi kumuuliza. Siku ile ya kwanza aliona theluji ya kizingitini ikiyeyuka chini ya viatu vya mumewe, akarudi kwenye kazi yake. Aliendelea kupuliza mirija. Kwenye kila kibao cha kushikia mrija aliandika jina la Lugovinov kwa wino mweusi, kama kibali kilivyotaka.

Usiku aliweka beseni la unga wa mkate ubavuni mwa mumewe.

"Geuka," alimwambia. "Upande huu bado haujaumuka."

Yefim akageuka.