Kidonda Kisichotakiwa Kupona

Jumanne saa nne asubuhi Bi Hamisa alirudishwa nyumbani kwake Chamazi kwa bajaji, jicho la kulia limefunikwa pamba na plasta, mfuko wa dawa mapajani. Mwanawe Khalfani alimshusha, akamtandikia jamvi, akamchemshia chai, akaangalia saa. Kazini alipewa ruhusa mpaka mchana, na kutoka Chamazi mpaka Segerea si mchezo.

"Mama, dawa kila baada ya saa mbili. Usipitishe."

"Na atanitilia nani, na mikono yangu hii?"

"Si majirani wapo?" alisema Khalfani, akaondoka.

Mikono ya Bi Hamisa ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Na presha ya macho ilikuwa imemla pole pole, bila kuuma, kuanzia pembeni, hata akawa anaiona dunia kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hospitali walimpasua kuokoa kilichobaki, maana kilichokwenda hakirudi. Nesi wa kliniki, Sista Tekla, alimweleza vizuri kabla hajatoka. Daktari amemtoboa kitundu chini ya kope la juu ili maji ya ndani ya jicho yapate njia na presha ishuke. Mwili nao una ujinga wake, utataka kukiziba kile kitundu, na kinachouzuia ni dawa tu.

"Bibi, kidonda hiki sie tunaomba kisipone," alisema Tekla. "Kikijiziba, jicho limekwenda. Na usiiname, wala usibebe ndoo."

Ndoo za kubeba zenyewe zilikuwa kavu. Bomba la mtaa lilikuwa limeingia wiki ya sita halijatoa hata tone, na kisima cha jirani kilikuwa cha maji ya chumvi, sabuni haitoi povu.

Baada ya swala ya alasiri pamba ililowa. Bi Hamisa aliibandua, na maji yakaanza kumtoka pembeni mwa jicho, yakateremka shavuni, yakalowesha kanga, yakalowesha jamvi. Hayakuwa machozi. Aliyaonja, yalikuwa baridi na hayana chumvi kabisa. Akakinga beseni. Beseni lilipojaa akakinga sufuria, kwa sababu alilelewa kutomwaga maji.

Nusaiba, jirani wa ukuta mmoja, aliingia na mtoto mgongoni.

"Shikamoo Bi Hamisa. Pole na kupasuliwa."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa."

Nusaiba alichota kwa kiganja, akaonja. "Maji yako mazuri kuliko ya gari la boza," alisema. "Una kazi nayo?"

"Sina. Nimekinga tu yasipotee."

"Basi mie nikachukue ndoo."

Mtaa ule mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Ni aibu, utasemwa mpaka uhame. Huenda na robo ya sukari, au machungwa matatu kwenye mfuko. Kesho yake walikuja watu kumi na wanne kumjulia hali Bi Hamisa, na wallahi hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kila mmoja alikuja na ndoo.

Kasimiri, fundi bomba, alikata kipande cha mpira, akakifunga shavuni kwa Bi Hamisa kwa kitambaa safi, maji yakawa yanashuka bila kupotea. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa dakika kumi na mbili. Bi Hamisa alikaa uani juu ya kigoda, shingo ameilaza upande, foleni mbele yake. Watu walimpa habari za mtaa: nani kaposwa, nani kahamia Ubungo, timu gani imefungwa jana pale uwanjani. Miaka minne alikuwa akila peke yake na kuiacha redio iongee mpaka betri ziishe. Sasa ua wake ulikuwa na kelele kama wa harusi. Alifurahi, kusema kweli, alifurahi mpaka akaona haya.

Siku mbili za mwanzo Nusaiba alimtilia dawa kila baada ya saa mbili, bila kukosa. Siku ya tatu alikuja amekunja uso.

"Bi Hamisa, uji wa mtoto leo umekuwa mchungu. Kautema wote."

"Mchungu wa nini?"

"Si hii dawa. Ukitiwa tu, ndoo tatu nne zinazofuata hazinyweki."

Watu wa kwenye foleni wakaitikia, hata wao wameuona huo uchungu. Wakakubaliana kwa adabu kabisa kwamba dawa itiwe foleni ikiisha. Wakamwuliza na mwenyewe, maana jicho ni lake. Bi Hamisa alikumbuka maneno ya Tekla. Akaziangalia ndoo kupitia kile kitundu chake cha kuonea, moja moja, kwa kuwa zote kwa pamoja hazikuenea. Akawaza wakiudhika watakwenda zao.

"Haina neno," alisema. "Foleni ikiisha."

Foleni haikuisha. Aliyekuwa wa mwisho alikuta nyuma yake wameongezeka sita. Watu wa mtaa wa pili walisikia, wakaja na madumu. Jioni kila mmoja alijitwisha ndoo yake akasema, "Ngoja nikaitue, nakuja kukutilia dawa sasa hivi," na kila mmoja akifika kwake aliamini mwenzake ameshatia. Bi Hamisa alilala chali, akajaribu mwenyewe. Tone moja lilidondoka kwenye paji la uso, la pili sikioni.

Khalfani alipiga simu kila siku saa saba.

"Mama, umetiwa dawa?"

"Bado kidogo."

"Nasikia watu wamejaa hapo. Afadhali. Mie nilikuwa na wasiwasi uko peke yako."

"Siko peke yangu, baba."

"Basi roho yangu imetulia. Mwisho wa mwezi nikijaliwa nitakuja."

Wiki ya tano ndoo ilianza kujaa kwa nusu saa. Wiki ya sita kwa saa nzima. Halafu asubuhi moja mpira ulidondosha matone saba, ukanyamaza. Watu walingoja mpaka adhuhuri, kwa heshima, wakamwambia pole, wakaondoka na ndoo zao. Kasimiri alirudi kuchukua mpira wake.

Kliniki Bi Hamisa alikwenda mwenyewe, akishika kuta na mabega ya watu asiowajua. Sista Tekla alimpima, akapima tena.

"Presha thelathini na sita. Kidonda kimepona, bibi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hamisa, kwa mazoea. Halafu akakumbuka.

Tekla alimziba jicho la kushoto, akampungia vidole mbele ya lile la kulia. Bi Hamisa aliona mwanga wa dirisha tu.

"Maji yalikuwa yanatoka nje?"

"Yalitoka. Ndoo kwa ndoo."

"Wapo wanaotokwa hivyo," alisema Tekla, akaandika kwenye faili. "Sasa tuwahi hili la kushoto, nalo limeshapanda. Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini safari hii sitaki mchezo. Kuna mtu wa kukutilia dawa?"

"Watu wapo," alisema Bi Hamisa. "Tele."

Tekla akaandika kwamba msaidizi yupo.

Siku zilizofuata hakuna aliyebisha hodi. Redio ilisema ilichosema. Bi Hamisa aliona uchungu, akamlaumu Nusaiba, akamlaumu Khalfani, akaishia kujilaumu mwenyewe, na hakuwa na wa kumwambia. Jumatano alasiri mlango ukasukumwa.

"Shikamoo Bi Hamisa."

Aliijua sauti. "Marahaba, Nusaiba. Karibu ukae."

"Sikai, nimeacha mtoto. Nimesikia eti wanakupasua na jicho la pili. Ni lini?"

"Kesho."

"Haya, Mungu akujaalie, Bi Hamisa. Tumekumiss jamani. Bomba lenyewe mpaka leo kimya."

"Na dawa, Nusaiba? Utanitilia?"

"Nitakutilia. Mbona nitakutilia! Foleni ikiisha tu."

Nusaiba alipokwenda, Bi Hamisa alipangusa kigoda na kukitoa uani. Mguu wake ukagonga kitu cha plastiki. Akapapasa. Ilikuwa ndoo, tupu, ina jiwe ndani isipeperushwe na upepo, na nyuma yake ndoo nyingine yenye jiwe, na nyingine, mpaka nje ya lango. Watu walikuwa wameshawahi nafasi. Alizigusa zote, akazihesabu, zilikuwa ishirini na tatu. Akaweka kigoda mbele ya ile ya kwanza, akaingia ndani kufunga mzigo wake wa hospitali.