Mama Maziwa wa Hasamba

Mume wangu Amoni alipougua, shemeji yangu Efraimu alitunyima mkokoteni wake wa ng'ombe tumpeleke hospitali. Amoni akafa. Kabla matanga hayajaanuliwa, nikamwona Efraimu anapima kwa hatua shamba letu la kahawa. Mgane yule alitaka kunirithi, shamba liwe lake. Ukoo ukakubali, kwao mjane hana kauli. Anayeweza kukataa ni mrithi mwenyewe, na akikataa hadharani, basi, yamekwisha. Ndoa ingetangazwa Jumapili.

Kanisani kwetu Hasamba kulikuwa na picha kubwa ya rangi za mafuta, iliyoachwa na mmisionari Mjerumani wa kabla ya vita. Moshi wa taa ulikuwa umeila. Kilichobaki ni uso wa mwanamke, bakuli la maziwa, na mwanaume amelala chini ya blanketi. Watu walimwita Mama Maziwa. Efraimu, mzee wa kanisa, aliwaonyesha maharusi: "Mke mwema ndiye huyo."

Akanitania mlangoni: "Nesta, umemwona mwenzio? Mimi maziwa yangu yawe ya moto, na blanketi zito."

"Nitakufunika, shemeji."

Nilisoma hadi darasa la nne, na Biblia naisoma. Mwanamke wa maziwa na blanketi nilimjua. Jumamosi, zamu yangu ya kusafisha kanisa, nikakata kiazi kibichi, nikaisugua ile picha taratibu na kuipangusa kwa kitambaa. Moshi ukatoka. Nikaifunika kwa shuka jeupe, kama pambo la harusi.

Jumapili Efraimu akasimama mbele. "Ndugu, mwenzangu atakuwa kama mama huyu!" Akanyoosha mkono nyuma, akalivuta shuka bila kutazama.

Watoto wakapiga kelele. Bibi Ketrina akasema, "Yesu wangu! Ana nyundo!"

Efraimu akageuka. Nyundo ilikuwa juu, kigingi kimezama katika panja la yule mwanaume, damu imelowesha mto.

"Ni nani huyu?" mchungaji akauliza.

"Yaeli, na mgeni wake Sisera. Waamuzi, sura ya nne. Alimfunika kwanza." Nikamtazama Efraimu. "Nimekubali, shemeji. Nitakuwa kama yeye. Karibu leo jioni."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana. "Shemeji, ulale na sufuria kichwani!"

"Simtaki!" Efraimu akafoka, jasho linamtoka. "Nani atalala kwa huyo?"

"Ukoo umesikia," mchungaji akasema.

Msimu ule nilichuma kahawa shamba zima. Efraimu alipita kwa kujificha, nyuma ya migomba. Kila nilipomwona nilimwita kwa jina, kwa sauti, wachumaji wote wageuke wamtazame.