Kibodi ya Mama Lulu

Herieth alikuwa na mikono midogo, na hilo si kosa, kazaliwa nayo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyachapa, kutwa nzima, nyumbani kwake Mbagala. Kila alipotaka kitufe cha pembeni, ilibidi kidole cha mwisho kijinyooshe mpaka kiganja kizima kiende upande. Basi vifundo vya mikono vikaanza kuwaka moto. Asubuhi nyingine hata kukamua nguo hawezi.

Daktari wa viungo hakumung'unya maneno. "Dada, tafuta kibodi inayokutosha. Ukiendelea na hiyo, mwaka huu hauishi utakuwa umeacha kuchapa."

Aache! Aache kazi anayoipenda, tena ndiyo anayoijua, kisa kibodi!

Akaanza kuzunguka. Jamani, alizunguka! Duka la kwanza wakamletea dude pana lenye nundu katikati, wakasema ndiyo ya kiafya. Afya ya nani? Akiweka viganja, vidole vinaishia njiani. Duka la pili muuzaji akacheka, "Sista, utazoea tu." Utazoea! Kwani vidole vitarefuka? Duka la tatu wakamuuliza anamnunulia mtoto wa darasa la ngapi. Akatoka bila kuaga, maana angebaki angetukana.

Aliipata Mtoni, kwa Mzee Zahor, mzee wa Kiarabu aliyerithi duka kwa baba yake. Nyuma ya pasi na redio mzee akachomoa kibodi ndogo iliyogawanyika vipande viwili, kila mkono na chake, vitufe vimekaribiana, na ule msururu wa tarakimu wa pembeni haina. Herieth akachapa. Akachapa tena. Kidole cha mwisho kikafika kila mahali bila kujinyoosha. Machozi yakamlengalenga palepale dukani.

"Niwekee, mzee wangu. Jumamosi nakuja kuichukua."

"Imebaki hii hii. Naitia chini ya meza," akasema Mzee Zahor.

Jioni akamsimulia mumewe, Kasimiri, mchonga vinyago, kuwa kibodi imepatikana kwa Mzee Zahor. Hapo ndo alipoharibu, kumsimulia mume mwenye mapenzi na papara. Ijumaa Kasimiri hakwenda kuchonga, alikwenda Mtoni. Akarudi na boksi kubwa kifuani, na nyuma yake jirani yao Apolonia na kina mama wengine wa uani, kawaita waje waone.

Herieth akafungua. Lilikuwa dude la nundu, lilelile kama la duka la kwanza.

"Yule mzee alitaka kunipa kidubwasha fulani kimekatika katikati," Kasimiri akasema, meno yote nje. "Chepesi, hakina hata uzito! Nikamwambia mke wangu si mtoto, nipe chombo. Hiki nimekijaribu mwenyewe, kikatulia mkononi. Sie wachongaji chombo tukikinyanyua tu, tunajua."

"Hongera Mama Lulu, mume unaye!" Apolonia akapiga kigelegele.

Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Zawadi ya mume, majirani wamejaa mlangoni. "Ahsante, Baba Lulu," akasema.

Alijaribu, tena kwa nia njema. Lakini wiki haijakatika, mkono wa kulia ukashindwa kushika kijiko. Akalirudisha dude kwenye boksi lake, huyo, Mtoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Ile ndogo bado ipo?"

"Ipo."

"Basi nibadilishie. Hili halina hata mkwaruzo."

Mzee Zahor akatikisa kichwa. "Hili kanunua mumeo, kalichagua mwenyewe. Nikikubadilishia, kesho anakuja kuniuliza kwa nini nimepokea zawadi aliyompa mkewe. Mambo ya mke na mume mie siingii. Mlete aseme kwa kinywa chake."

"Mzee, anayechapa ni mie!"

"Najua, binti yangu. Mlete."

Loh! Herieth alirudi anaongea peke yake njiani, watu wanampisha. Mikono yake, maumivu yake, kazi yake, halafu ruhusa atoe mtu anayechapa kwa kidole kimoja! Alimkasirikia mzee, akamkasirikia mume, akajikasirikia na yeye mwenyewe kwa ile ahsante aliyoitoa mbele ya watu.

Kasimiri alikuwa uani anapiga msasa kinyago. Herieth akalitua boksi miguuni pake, akamnyooshea mkono wenye pete ya ndoa.

"Baba Lulu, hii pete kipimo chake ulikijuaje?"

"Si nilikupima kwa uzi, umelala? Kwani inabana?"

"Haibani. Imekaa barabara. Na hili dude ulimpima nani?"

Kasimiri akaitazama mikono yake mwenyewe, mipana, imejaa vumbi la mpingo. Kisha akaushika mkono wa mkewe, akakiona kifundo kilivyovimba.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Uliniletea na mashahidi!"

Kasimiri akaweka msasa chini.

Asubuhi wakaenda wote Mtoni. Mzee Zahor akaitoa ile ndogo chini ya meza, akaipangusa vumbi, akaisogeza mbele ya Kasimiri.

"Haya bwana, hii unaridhika nayo?"

Kasimiri akakinyanyua kipande kimoja, akakipima uzito. Usoni ungeona kabisa kuwa bado anakidharau. Akakirudisha mezani, akavisukuma vyote viwili upande wa mkewe.

"Muulize mwenye mikono, mzee."

Mzee Zahor akamgeukia Herieth. Kasimiri naye akamgeukia.

"Hee!" Herieth akavuta kiti, akakaa. "Sasa ndo mnaniuliza?"