Mguu Mzima

Mdogo wangu alisimama kwa mguu mmoja nyuma ya utepe mweupe uliobandikwa sakafuni, mikono kiunoni, kidevu juu. Chumba kizima cha mazoezi cha hospitali kilimgeukia. Bibi aliyekuwa akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote alisitisha miguu, na mzee mwenye bega bovu aliuachia mpira wake wa kuvuta ukaning'inia ukutani. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kusubiria, mkoba wake mapajani, roho mkononi.

"Mguu mzima kwanza," alisema Bwana Futi. "Ruka mbele uwezavyo, utue kwa mguu huohuo, utulie. Ukiyumba, haihesabiwi."

Bwana Futi hakuwa daktari wa kisu. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ile, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na jina hilo tulimpa sisi nyumbani kwa sababu hakuivua kamwe ile futi ya kupimia shingoni, utadhani fundi cherehani aliyepotea njia. Kazi yake siku ile ilikuwa rahisi kueleza. Angepima mruko wa mguu mzima, kisha wa mguu uliofanyiwa upasuaji. Miruko ikikaribiana, mdogo wangu angeruhusiwa kurudi kwenye mpira wa kikapu. Ikiachana, angerudi nyumbani na mimi.

Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo kocha wa timu kubwa alikuwa anakuja kuchagua wachezaji. Bila ruhusa ya Bwana Futi, hakuna kugusa mpira. Nafasi ya namna hiyo ilikuwa haijapata kufika kwetu, na wasichana waliokuwa nyuma ya mdogo wangu walikuwa wanarefuka kila kukicha.

Tulimwita Panzi tangu utotoni, maana hakuwahi kushuka kitandani kama watu wengine. Sasa Panzi alikunja goti la kulia, akavuta pumzi, akaruka. Akatua. Akatulia kimya, hata mkono haukumtikisika. Ulikuwa mruko safi, usio na kasoro hata moja. Ila ulikuwa mfupi, na mimi niliona.

Kano ya ndani ya goti lake la kushoto ilikuwa imekatika katikati ya mchezo, mbele ya macho yangu. Alipanda kuufuata mpira uliogonga ringi, akashuka mwili umeelekea huku, unyayo umeelekea kule, na goti likaingia ndani. Hakuna aliyemgusa. Nilikuwa safu ya tatu na niliusikia mlio. Watu huniambia natia chumvi, haiwezekani kuusikia mlio wa goti katika ukumbi wenye kelele zile. Sawa, wao wajue yao. Mimi niliusikia.

Daktari alichukua kipande cha kano nyuma ya paja lake, akakipitisha ndani ya goti, akakibana kwa skrubu. Baada ya hapo goti likawa kazi yangu. Mama mgongo wake haumruhusu kuinua kitu, na baba hatunaye, kwa hiyo ni mimi niliyemwogesha, niliyemkalisha chooni na kumwinua, niliyemkunja na kumkunjua mguu huku akinitukana matusi ambayo sikujua ameyatoa wapi. Mchana nilikuwa saluni nasuka vichwa vya watu, jioni narudi kwenye goti. Mwenye saluni alikuwa amefungua tawi katika mji mwingine, akataka mimi nikalisimamie. Nikamwomba asubiri goti lipone. Akasubiri. Nikamwomba tena. Alinitazama tu kupitia kioo, huku akiendelea kumchana mteja.

Kwa hiyo msinione mtakatifu. Hakuna aliyetaka Panzi afaulu siku ile kuliko mimi.

Lakini mguu ule wa kulia nilikuwa naujua. Panzi aliyachukia magongo yake. Mama akigeuka tu, huyo, anaruka kwa mguu mmoja kwenye korido yetu, jikoni hadi chumbani, chumbani hadi bafuni, nyumba nzima inatetemeka. "Utanivunjia vigae!" mama anapiga kelele. "Bora vigae, mama, kuliko goti!" Mguu wa kulia ukawa unafanya kazi ya miwili, ukawa wa chuma. Kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa bafu alikuwa anafika kwa mruko mmoja. Nilikuwa napishana naye nimebeba sufuria ya maji ya moto, na nilijua kabisa pa kujibana asinikumbe. Mruko alioutoa mbele ya Bwana Futi usingefika hata kwenye ndoo ya kudekia iliyokaa katikati ya korido.

Hila yenyewe si ngeni. Wachezaji hunong'onezana kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: hawa wanapima mguu kwa mguu, basi kama mguu mbovu haupandi, ushushe ule mzima.

"Sasa wa kushoto," alisema Bwana Futi.

Panzi akaruka kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote. Niliona mshipa wa shingo umemtoka. Goti liliingia ndani kidogo, kama linataka kukumbuka, kisha likanyooka. Akatulia. Bwana Futi aliinama, akatandaza futi, na aliponyanyuka uso ulikuwa umekunjuka. Mtu yule alimpenda Panzi, na furaha ilimziba macho.

"Inakaribiana," alisema. "Inakaribiana kabisa!"

Bibi wa baiskeli akapiga makofi. Panzi alitazama dari, akatazama kioo, akamtazama bibi. Alitazama kila mahali isipokuwa kwenye benchi.

Mama husema mdomo wangu hauna breki. Siku ile ulikuwa mzito. Ningenyamaza tu, kila kitu kingeenda sawa: yeye Jumamosi uwanjani, mimi Jumatatu kwenye basi na mabegi yangu. Lakini nilikuwepo siku Bwana Futi alipotuketisha wote wawili na kutueleza kwamba kano iliyopandikizwa huchukua muda mrefu kuwa kano ya kweli, na kwamba mwenye goti hujiona amepona kabla hajapona. "Litakudanganya," alisema. Nikamuuliza ikikatika tena inakuwaje. Akakuna kidevu, akasema itabidi kano nyingine itolewe kwenye mguu wa kulia, na hapo yeye hatuahidi kitu. Maana yake ningekuwa na Panzi asiye na mguu mzima hata mmoja.

"Mwambie arudie wa kulia," nilisema.

Bwana Futi aligeuka. "Kuna nini, dada?"

"Ule si mruko wake."

"Dada!" alisema Panzi, kwa sauti ileile ya utotoni ya kunizuia nisimsemee kwa mama.

"Namwona kila siku kwenye korido yetu. Ule si wake."

Panzi macho yalimtoka pima. Nilidhani atakana, na pengine angekana, ila Panzi hasira zake ziko karibu kuliko akili yake. "Wa kulia mnautaka?" alisema. "Haya, chukueni." Akarudi kwenye utepe na kuruka mruko wa kweli, ule wa korido. Akaipita alama ya mruko wa kwanza, akaenda, akatua mbali mno mpaka bibi akasema, "Mama yangu!" Bwana Futi hata hakuinama kupima. Uso wake ulishuka, akairudisha futi shingoni polepole.

"Panzi," alisema. Kumbe hata yeye alilijua jina letu.

"Na wa kushoto unafika palepale." Panzi alikwisharudi nyuma ya utepe, amenyanyua mguu wa kulia. "Ngoja uone."

"Hapana. Goti limechoka na wewe una hasira. Shusha mguu."

Hakushusha. Paja la kushoto lilikuwa linacheza, na goti lilianza kulala ndani, taratibu, likirudi, likilala. Nikaruka kutoka kwenye benchi, mkoba ukaanguka.

"Usimshike!" Bwana Futi alinipigia kelele, mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Ukimvuta utamtegua goti!"

Kumshika nisimshike, kumwacha nisimwache. Nikapita pembeni, nikaenda kusimama palepale alipotua mguu wa kulia, uso kwa uso naye. Akiruka, anaruka juu yangu.

"Toka, dada."

"Sitoki."

"Nitaruka hivyohivyo."

"Ruka."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye midomo, akalilamba. Niliogopa, naapa, niliogopa kuliko siku ya ule mlio, maana siku ile sikujua kinachokuja. Bwana Futi alikuwa amenyoosha viganja hewani bila kugusa kitu.

"Unaogopa kwa ajili yangu," Panzi aliniuliza, "au kwa ajili yako?"

Jibu zuri nilikuwa nalo tayari. Dada yeyote analo. Nilifungua mdomo nilitoe, likatoka lingine.

"Kwa ajili yangu," nilisema. "Siwezi kukubeba tena, Panzi. Nilikubeba kwa moyo mmoja na sijuti, lakini nguvu zimekwisha. Ukianguka tena, sitakuja."

Nilishtuka mwenyewe, kwa sababu sikuwa namtishia. Ilikuwa kweli tupu, na niliijua wakati uleule nilipoisikia. Nilimpenda mdogo wangu na nilikuwa nimemchoka, vyote viwili pamoja, na nilikuwa nimemwambia kimoja tu miezi yote ile.

Daktari alikuwa amemwonyesha goti la plastiki na kuling'oa kano mbele yake. Bwana Futi alikuwa amemweleza mpaka sauti ikamkauka, mama alikuwa amelia. Yote hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Sasa Panzi alinitazama kama mtu anayesoma bango lililo mbali, kisha akaushusha mguu wa kulia, kidogo kidogo, mpaka kisigino kikagusa sakafu.

"Miezi mitatu," alisema Bwana Futi alipopata pumzi. "Kisha tunapima upya, miguu yote miwili, bila michezo."

Jumamosi kocha alikuja, akachagua, akaondoka.

Watu huniuliza kama alirudi uwanjani. Alirudi, si kwa timu ile. Alichezea nyingine, ndogo, na anacheza mpaka leo, na asiyemjua hawezi kukwambia ni goti lipi. Siku aliporudi sikuwepo. Nilikuwa mji mwingine, nimeshika kichwa cha mteja, na mteja akaniuliza mbona leo mikono yangu ni ya baridi.

Ila mimi ninapoikumbuka siku ya mruko, huzikumbuka zaidi ngazi za hospitali. Zilikuwa za saruji, nyembamba, zenye kona katikati. Miezi yote tulizishuka pamoja, mkono wangu chini ya kwapa lake, yeye akinung'unika kwamba namtekenya. Siku ile alipofika juu ya ngazi alisimama, akaninyang'anya mkoba na kuuvaa mgongoni.

"Usije tena, dada," alisema. "Nitakuja mwenyewe. Wewe kamjibu yule mama wa saluni."

Niliitafuta hasira katika sauti yake, maana hasira ningeiweza. Haikuwepo. Akashika ukingo, akaanza kushuka. Kwenye kona, soli ya kiatu ilikwaruza ncha ya ngazi, mwili ukayumba, na mkono wangu ukanitoka wenyewe, ukabaki umenyooka hewani, mbali naye kabisa. Aliushika ukingo kwa mikono miwili. Alisimama hapo kidogo, kisha akaendelea bila kugeuka.

Nilisubiri mpaka nikasikia mlango wa chini umefunguka na kujifunga. Ndipo na mimi nikaanza kushuka, ngazi moja moja, nimeshikilia ukingo.